Amejifungua Salama, Halafu?

Huu ujumbe unaujua. Umewahi kuingia kwenye grupu ya familia, hata kama uliupita haraka ukitafuta meme: "Tumshukuru Mungu, amejifungua salama. Ni msichana, kilo tatu nukta mbili. Mama na mtoto wako sawa." Zinafuata hongera, mikono ya kuomba, na mjomba fulani anauliza mtoto ameitwa nani. Baada ya siku mbili grupu imerudi kwa siasa.

Kwa sababu kazi yangu ni kusoma na kuandika kuhusu vitabu, mimi husoma hata ujumbe kama huo kama fasihi. Na kama fasihi, una mambo. Mtoto ana jinsia, ana uzani, na muda si muda atakuwa na jina. Mama hana hata kimoja. Anatajwa kama kiambishi tu, hiyo "a" iliyobandikwa mbele ya "amejifungua". Kesho hata jina lake la kuzaliwa litaanza kupotea: atakuwa Mama Shiru, Mama Brayo. Na neno "salama" limefunga hadithi kama vile mlango unavyofungwa mgeni akishaondoka.

Ukilitazama vizuri, neno kujifungua ni ahadi. Mtu alikuwa amefungwa, sasa amejifungua, yuko huru. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wajawazito duniani, na asilimia 13 ya wanawake waliotoka tu kujifungua, hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda hadi asilimia 15.6 wakati wa mimba na 19.8 baada ya kuzaa. Yaani ukikusanya akina mama watano waliozaa juzi, mmoja wao huenda bado amefungwa, na grupu imeshatangaza salama.

Kwa hivyo nina swali la mhakiki. Vitabu vyetu humwacha wapi huyu mama baada ya "salama"? Nauliza kwa sababu mtu akiumia huenda kutafuta msaada akiwa na maneno aliyonayo, na maneno mengi tuliyonayo kuhusu uzazi tumeyapata kwenye hadithi. Kama hadithi haina hiyo sentensi, mama ataitoa wapi?

Anza na Wariinga. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, na miaka miwili baadaye tukaipata kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Wengi wanakumbuka karamu ya wezi kule Ilmorog. Mimi hukumbuka msichana wa shule kule Nakuru, mjamzito, aliyeachwa na mzee tajiri wa Ngorika, akielekea kwenye reli ili treni immalize. Anaokolewa dakika ya mwisho. Halafu nini? Anazaa, mtoto anaitwa Wambui, babu na nyanya wanamlea, Wariinga anarudi masomoni, kisha anaingia Nairobi kujifunza kupiga taipu. Kutoka kwenye reli hadi kwenye taipureta, riwaya inatembea haraka sana. Ngũgĩ ana hasira ya haki na mzee wa Ngorika, anaijua siasa ya ile mimba hadi mfupa. Lakini usiku wa tatu baada ya Wambui kuzaliwa, Wariinga alikuwa anawaza nini? Yule msichana aliyetaka kufa miezi michache nyuma alimshikaje mtoto? Ukurasa huo haupo.

Kisha Paulina. Katika Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye ya 1986, Paulina ana miaka kumi na sita anapofika Nairobi kwa treni mwaka 1956, akiwa na mimba, kumfuata mumewe Martin. Mimba inatoka. Akitoka hospitalini anapotea jijini, mji haumjui naye haujui. Anapofika nyumbani hatimaye, Martin anampiga, kwa sababu swali lake ni moja tu: ulikuwa wapi?

Hilo swali linanikera kuliko kichapo chenyewe. Msichana amepoteza mimba, amepotea njia, amelala ugenini, na mtu pekee aliye wake jijini anauliza kuhusu ramani. Macgoye ni mwandishi makini, na nadhani alitaka tukasirike hivyo. Shida yangu iko kwa namna riwaya hiyo imezoeleka kusomwa. Ukiitaja tu, mtu atakuambia kwamba Paulina ni Kenya, mimba zake ni uhuru, na taifa ndilo linalozaliwa. Sawa, jina la kitabu linaruhusu usomaji huo. Lakini angalia kilichotokea: mwanamke amepoteza mimba, na darasa zima limekimbilia kuulizia hali ya taifa. Hata kwenye uhakiki, mama hakuulizwa.

Wa tatu ni Nnu Ego wa Buchi Emecheta, katika The Joys of Motherhood ya 1979. Hii si Kenya, ni Lagos mwaka 1934, lakini vijana wengi hapa wameisoma, na sijui riwaya nyingine ya Kiafrika inayoanza kwa ujasiri kama huo. Ukurasa wa kwanza, mama tayari anakimbia. Mtoto wake wa wiki nne amefariki na yeye anaelekea daraja la Carter kujitupa majini. Umati unajaa. Wengine wanamwona mwendawazimu. Mtu wa kwao, Nwakusor, anamtambua na anasaidia kumzuia. Umati ukishasikia kwamba amefiwa na mtoto, unatulia. Kumbe si mwendawazimu! Mwanamke asiye na mtoto wa kumpa mumewe ameshindwa kuwa mwanamke, kwa hivyo ana haki ya kulia.

Soma tena hapo, polepole. Umati umemhurumia, ndiyo, lakini umemhurumia kwa sababu ya kitu alichokosa kutoa. Huruma yenyewe ni sehemu ya ugonjwa.

Emecheta anajua, na ndiyo maana anafanya kitu ambacho wale wawili hawakufanya kwa kiasi hicho. Anamwacha Nnu Ego darajani, anaturudisha nyuma kwa mama yake, kwa ndoa yake ya kwanza, kwa miaka ya kuitwa tasa, ndipo anatuleta tena Lagos. Sura baada ya sura ni jibu la swali ambalo hakuna mtu darajani aliyeuliza: umefikaje hapa? Ndiyo maana huwa naambia watu kitabu hiki kinafanya kazi ya mshauri nasaha. Kinakaa chini, kinasikiliza kutoka mwanzo.

Lakini ona kinachowaunganisha Wariinga na Nnu Ego. Msaada unawafikia wakiwa kwenye reli au kwenye daraja. Ni mkono wa dakika ya mwisho, na ukishawavuta, kazi yake imeisha. Fasihi yetu inajua sana kumwokoa mwanamke ukingoni, labda kwa sababu ukingoni kuna sinema. Jumanne ya kawaida haina sinema: mama yuko kwenye bedsitter ya Zimmerman, mtoto amelala, nepi zimelowekwa, na yeye ameketi kitandani saa mbili akitazama ukuta. Kwa daktari, hiyo Jumanne ndiyo yenye nafasi ya kusaidia.

Sasa nilete maandishi ya nne, ambayo hayauzwi kwenye duka la vitabu. Mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya Coming to Birth, daktari John Cox na wenzake kule Scotland walichapisha dodoso la maswali kumi la kupima sonona ya baada ya kuzaa. Linaitwa kipimo cha Edinburgh. Leo linatumika sehemu nyingi za dunia, hata kwa wajawazito, na limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kila swali lina majibu manne, kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla 30. Unajibu kuhusu siku saba zilizopita.

Lisome kama shairi na utashangaa. Halianzi kwa kukuuliza kama una wazimu. Linaanza na kicheko: umeweza kucheka? Linauliza kama unatazamia mambo kwa furaha. Kisha linaingia ndani taratibu: kujilaumu, wasiwasi, hofu, usingizi, huzuni, machozi. Swali la kumi, la mwisho kabisa, ndilo linalouliza kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia. Yaani limekushika mkono kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani kabla ya kuwasha taa. Na kuna busara nyingine. Haliulizi kuhusu uchovu wa mwili wala hamu ya kula, kwa sababu mwenye mtoto mchanga lazima achoke, na uchovu haungemtenga mgonjwa na mzima.

Lakini hata shairi zuri lina mistari dhaifu, na huu ndio ugomvi wangu nalo. Maswali mawili, la wasiwasi na la hofu, yanauliza kama umekuwa na hali hiyo bila sababu ya maana. Jiweke kwa viatu vya mama wa Mukuru. Kodi imefika tarehe tano. Kibarua kiliisha alipofikisha miezi saba. Baba ya mtoto hashiki simu. Umuulize kama ana hofu bila sababu, atakujibu hapana, na atakuwa mkweli. Hofu yake ina sababu tatu na landlodi ndiye wa kwanza. Akisema hapana, anapata sifuri. Dodoso limemsikia vibaya, limedhani ametulia kumbe amezungukwa. Mwulizaji anayelijua hilo hataishia kwenye kiboksi. Ataongeza, "Na hizo sababu, ni gani?"

Pia kuna swali linalouliza, kwa nahau ya Kiingereza, kama mambo yamekukalia juu. Kwa Kiswahili tuna jibu lililo tayari: yamenilemea, yamenizidi. Hapo tafsiri haina kisingizio. Lugha yetu inajua sana uzito. Mjamzito ni mja aliye mzito. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Lakini kwenye vitabu vya afya utakutana na sonona, mfadhaiko, msongo wa mawazo, maneno sahihi kabisa ambayo sijawahi kusikia mtu akiyatamka ndani ya matatu. Watu husema kichwa imejaa. Husema sijiskii. Husema nawaza sana. Na zaidi ya yote husema nimechoka.

Nimechoka. Ukisema hivyo ukiwa na mtoto wa mwezi mmoja utajibiwa nini? "Ni kawaida, vumilia, watakua tu." Anayejibu hivyo ana nia njema, lakini amesoma neno na kulifunga. Msomaji mzuri angeuliza, umechoka aje? Ni uchovu wa kutaka kulala, ama ni wa kutaka kutoamka? Tofauti ya hayo mawili ni maisha ya mtu. Hapa ndipo naona kazi ya mhakiki na kazi ya nesi zinafanana: wote wawili wanalipwa kutoamini maana ya kwanza.

Mimi nilibeba mimba yangu nikihudhuria kliniki moja ya hapa mjini. Walipima presha, mkojo, damu, uzani, na tumbo kwa utepe. Nesi alikuwa mpole na foleni ilikuwa hadi nje. Kadi yangu ilijaa tarakimu nadhifu. Baada ya kujifungua nilirudi na mtoto, akapimwa, akadungwa, nikaambiwa tarehe ijayo. Mwezi wa pili nilikuwa nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji ili watu wasisikie, na hakuna mahali kwenye kadi ambapo hilo lingeandikwa. Aliyenifikia ni shangazi yangu, aliyekuja kuona mtoto na kilo mbili za njahi, akamweka mtoto kwa mtu mwingine, akaniambia: "Huyu nimeshamwona. Wewe je, usiku unakuwaje?" Nilijibu hadi uji ukapoa. Wiki iliyofuata ndiye aliyenipeleka kwa mshauri nasaha.

Sitaki umchukue shangazi kama jibu la kila kitu. Si kila mtu ana shangazi wa hivyo, na wengine shangazi ndio shida. Hata desturi ya arobaini, ambayo Pwani inampa mzazi siku arobaini za kukandwa na kulishwa uji wa pilipili manga, inaweza kuwa kitanda au gereza kutegemea nani anaingia mlangoni. Lakini alichofanya shangazi kinaweza kufundishwa. Kule Pakistan, mhudumu wa afya wa kijijini, asiye daktari, alifunzwa kumtembelea mama kutoka mwisho wa mimba na kuzungumza naye kwa mpangilio kuhusu mawazo yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto akifika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Shirika la Afya Duniani limeugeuza mpango huo kuwa mwongozo. Yaani kuna maandishi, yapo, yanasubiri kusomwa kwa sauti.

Na mahali pa kuyasomea papo. Mtoto wa Kenya hupelekwa chanjo akiwa wiki sita, wiki kumi na wiki kumi na nne. Hesabu: mara tatu ndani ya siku 98. Mara tatu mama analeta mwili wake hadi mbele ya mhudumu wa afya, na mara tatu anachukuliwa kama mikono iliyombeba mtoto. Hakuna haja ya kumtafuta nyumba kwa nyumba. Ameketi hapo kwenye benchi tangu saa moja asubuhi.

Kwa nini basi wengi hunyamaza hata wakiulizwa? Tusome maandishi ya tano, Sheria ya Adhabu ya Kenya. Kifungu cha 226 kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ambalo lingeweza kukufunga hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Fikiria kulijibu swali la kumi la Edinburgh huku kifungu hicho kikiwa hai. Na kifungu cha 210 cha sheria hiyo hiyo kinakubali kwamba akili ya mama inaweza kuvurugika kwa sababu ya kuzaa au kunyonyesha, ndani ya miezi 12 baada ya kujifungua. Lakini kinakubali hivyo mtoto akiwa ameshakufa mkononi mwa mama, ili kosa lihesabiwe kama kuua bila kukusudia. Sheria ilijua. Ilingoja kizimbani ndipo iseme.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa na tumbo, au na mtoto kifuani, au mshikaji wako ndiye ako na mtoto. Machozi ya siku za kwanza huja kwa wengi na huondoka ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, au kama humwonei mtoto chochote na inakutisha, huo ni ugonjwa, una tiba, kuna mazungumzo na kuna dawa, zikiwemo ambazo daktari anaweza kukupa ukiwa unanyonyesha. Mama akianza kuona au kusikia vitu ambavyo havipo, akose usingizi kabisa, achanganyikiwe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, mpelekeni hospitali na msimwache peke yake na mtoto. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, ya ushauri nasaha. Na kama kliniki hawakuulizi, anza wewe. Usitafute neno la kitabuni. Sema kichwa imejaa. Akikujibu ni kawaida, sema tena, kwa sauti zaidi, na utaje usiku unavyokuwa.

Kwa wenzangu tunaoandika nina ombi dogo. Utendi maarufu zaidi uliotungwa na mwanamke katika lugha hii ni wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, na ni sauti ya mama mgonjwa akimwachia bintiye wosia. Tangu hapo tumempenda mama akiwa anatoa: wosia, maziwa, baraka, msamaha. Mama anayehitaji kupewa bado hatujamwandika vya kutosha. Reli tunayo, daraja tunalo. Niandikieni wiki ya sita: foleni ya chanjo, mama mmoja mwenye koti la mvua, na nesi anayeinua macho kutoka kwa mzani na kumuuliza jina lake.